Walioelewa Ni Wanne

Kwa miaka sita Mwalimu Consolata aliandika sentensi ileile. Kila alipomaliza kipindi cha hisabati cha darasa la nne, katika shule moja ya msingi pale Makorora, alifungua andalio la somo, akashuka hadi sehemu ya maoni, akaandika: "Somo limeeleweka. Wanafunzi wengi wamefikia lengo." Hakuwa mwongo. Ila hakuwahi kuuliza.

Mwaka huu mwalimu mkuu, Castory, aliagiza walimu wakutane kila Ijumaa saa nane, Waislamu wakisharudi kutoka msikitini, kila mmoja asome maoni yake ya somo moja la wiki hiyo ili wenzake wajifunze. Ijumaa ya kwanza walisoma walimu saba. Masomo yote saba yalikuwa yameeleweka. Castory akatikisa kichwa kukubali mara saba.

Wa nane alikuwa Mwalimu Hija, mzaliwa wa Pemba, aliyehamia shuleni mwezi wa kwanza na ambaye hakuwa msemaji. Akasoma:

"Darasa la tatu, vipimo vya urefu. Wanafunzi sabini na mmoja. Walioelewa ni wanne. Hao wanne walikuwa wanajua kabla sijaingia."

Safari hii Castory hakutikisa kichwa.

"Umeandika hivyohivyo?" Castory akauliza.

"Nimeandika."

"Na mthibiti ubora akija kukagua?"

"Atasoma."

Consolata alirudi nyumbani akiwa na hasira, na hakujua amemkasirikia nani. Jumatatu aliwapa watoto maswali matano ya mzingo, mada aliyoimaliza wiki mbili nyuma. Walikuwa themanini na sita. Waliopata matatu au zaidi walikuwa tisa. Alisahihisha mara ya pili, wakabaki tisa.

Mapumziko yalipofika akamfuata Hija.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Baada ya wale wanne, ulifanya nini?"

"Nilikata kamba za mita moja, nikawatoa nje. Wapime wanachokitaka."

"Wakaelewa?"

"Arobaini hivi. Wengine walipimana wao kwa wao. Hilo nalo nimeliandika."

Kesho yake Consolata aliwagawa watoto katika makundi, akayapa kamba, akayatuma kupima mzingo wa jengo la ofisi. Muda si mrefu Castory akatokea dirishani.

"Mwalimu Consolata, watoto wanapima ofisi yangu."

"Ndiyo, mkuu."

"Kuna mpango wa kuibomoa?"

"Hapana, mkuu. Ni mzingo."

Castory akafunga dirisha.

Kundi la kwanza lilileta mita hamsini na nne. La pili mita hamsini na tatu. La Fadhil lilileta mita mia moja na nane, kwa sababu walizunguka mara mbili.

"Kwa nini mara mbili?"

"Tulikuwa tunafurahi, Mwalimu."

Suhaila, msichana wa kundi la pili, akanyoosha mkono. "Sisi tumeruka mlango. Pale hapana ukuta. Mlango nao unahesabiwa?"

Kwa miaka sita Consolata alikuwa akichora mistatili ubaoni, na hakuna mstatili wake uliowahi kuwa na mlango. Badala ya kujibu akawauliza wote. Walibishana hadi kengele ikalia. Fadhil ndiye aliyewashinda wenzake: ukizunguka nyumba huwezi kuruka kwa hewa ukifika mlangoni, lazima upite. Suhaila akarudi na kamba yake kuongeza mita moja.

Ijumaa Consolata alisoma kwa sauti ndogo: "Walioelewa hamsini na watatu. Wasioelewa thelathini na mmoja. Wawili hawakuja. Mimi nimeelewa kwamba sikuwa nikiuliza."

Alingoja wacheke. Hawakucheka. Mwalimu Wilfred, aliyefundisha darasa la sita kwa miaka kumi na minne na ambaye wiki iliyopita somo lake lilieleweka sana, akafunga daftari bila kusoma.

"Kugawanya sehemu kwa sehemu," akasema. "Tunageuza ile ya pili juu chini, halafu tunazidisha. Nawaambia watoto hivyo kila mwaka." Akajikuna shingo. "Kwa nini tunageuza?"

Castory alitazama meza. Hija akainuka, akaufunga mlango ili watoto waliokuwa wakifagia nje wasisikie. Consolata akachukua karatasi, akavuta kiti chake karibu na Wilfred.

"Tuanze na nusu," akasema.