Shimo la Magimbi Juu ya Lava

Mkwe wangu nilimchukia tangu siku ya kwanza, na sioni aibu kusema. Pelesi alitoka Tokelau, visiwa vyembamba ambako ukirusha jiwe linavuka nchi nzima na kuangukia bahari ya pili. Alikuja kuishi kwetu Savai'i, kisiwa kikubwa chenye mlima wa moto, nyumbani kwa wazazi wa mkewe, na kwetu mwanamume akihamia ukweni kazi zote nzito ni zake. Jumapili yake ya kwanza akapewa kupika umu, tanuri letu la mawe. Siku hiyo mchungaji alikuwa mgeni wetu.

Mawe ya umu ni yale meusi yaliyozaliwa na moto wa mlima. Hilo hata kuku wetu wanalijua. Pelesi akashuka pwani akaokota matumbawe, maana ndilo jiwe la kwao. Moto ukayageuza chokaa. Tulipofunua majani, magimbi yalikuwa meupe kama ukuta wa kanisa, na mchungaji alipouma tu akaanza kukohoa.

"Lupe," nikamwambia binti yangu, "ulikwenda kutafuta mume ukaturudishia fundi wa kupaka chokaa?"

Mume wangu Fetu hakucheka. Ndiye mkuu wa ukoo, anayegawa mashamba, na wiki ile alikuwa awape vijana sehemu yao. Alisema na Lupe kana kwamba Pelesi hayupo.

"Huyu hajui mawe. Basi nampa mawe mpaka ayajue. Sehemu yenu iko kule kwenye lava, na asichukue udongo wa shamba langu hata kiganja. Mwaka ukiisha bila gimbi, arudi kwao."

"Akirudi, tunarudi wote," Lupe akajibu.

Lupe ni mtoto wangu wa pekee, na waliopanda meli ya Tokelau nawajua: huwaoni tena ila kwenye picha. Na kule kwenye lava hapajaota kitu. Mlima ulimwaga moto juu ya kijiji cha zamani, enzi za babu yake Fetu, moto ukapoa ukawa jiwe, basi. Kangaga chache tu, mimea ya majani kama manyoya, ndizo zinachungulia kwenye nyufa.

Pelesi akachukua mtaimbo. Alizunguka akigonga kidogo kidogo, kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na palipolia utupu akapiga kwa nguvu. Gamba likavunjika, chini yake pana uwazi ulioachwa na hewa ya ule moto. Akautia majani ya mshelisheli, makumbi, mwani na mavi ya nguruwe. Kisha akaketi akaanza kutwanga mawe.

Nilikwenda kumchokoza.

"Unapika nini humo, mkwe? Supu?"

"Udongo, mama."

"Udongo haupikwi. Mungu aliuumba."

"Aliuumba polepole, mama. Ule mwekundu wa shambani kwa baba ulikuwa lava kama hii. Mvua na mizizi vimeitafuna maelfu ya miaka." Akang'oa kangaga moja, mizizi ikatoka imekumbatia punje nyeusi za jiwe. "Ona, huyu ameshaanza. Mimi namsaidia kutafuna."

"Na hayo umeyajulia wapi, wewe uliyemlisha mchungaji chokaa?"

Akacheka. "Kwetu udongo hakuna kabisa, mama. Kila gimbi alilokula bibi yangu, kwanza mtu aliutengeneza udongo wake shimoni."

Kesho yake nilimpelekea ndoo ya mavi ya nguruwe, nikimficha Fetu.

Miche ya kwanza aliyopanda shimoni iliungua jua. Ya pili akaifunika makuti, akawa anaitilia maji asubuhi na jioni. Ikashika. Majani yalipokuwa mapana kama sinia, nilianza kulala usingizi.

Mwaka ulipobakiza siku chache, Lupe alimwekea baba yake gimbi bila kusema neno. Fetu akala, akaomba jingine.

"La shamba gani hili?"

"La shimoni kwa Pelesi."

Akalirudisha kwenye sahani. Akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lava, sisi tukimfuata mbio. Akapiga magoti shimoni, akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa udongo mweusi, akaunusa.

"Babu yangu alilima hapa," akasema. "Alikufa akiamini pamelaaniwa."

Ndipo akageuka na kumtazama Pelesi usoni, mara ya kwanza mwaka mzima.

"Mwanangu, shimo la pili tunachimba wapi?"

Pelesi akaonyesha kwa mtaimbo. Mimi niliketi palepale juu ya jiwe lililokuwa linachoma kwa jua, nikalia kwa sauti. Mwanangu Lupe haendi.