Kompyuta Bapa Dirishani

Hanifa alirudi Kinondo na shahada yake na kompyuta bapa, nyembamba kama sinia la pilau lililosimamishwa. Hoteli moja ya Diani ilikuwa ikiitupa, maana meneja alikuwa ameambiwa kwamba mwaka 2000 ukiingia, kompyuta zote zitakufa.

"Basi ife ikiwa kazini," Hanifa alisema, akaibeba.

Alitaka kuwafundisha kina mama kuchapa. Mjomba wake Sefu akampa chumba cha mbele, lakini mwezi ukaisha bila mwanafunzi. Waliokuja walidhani ni televisheni, wakaulizia taarabu.

"Kesho Ijumaa naleta saruji yangu humu," Sefu alisema. "Ukipata japo mwanafunzi mmoja, saruji italala nje. Ukikosa, hilo sinia nampa muuza vyuma chakavu."

Alasiri hiyo akaingia Bi Mwanasha wa nyumba ya pili, amefura.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba. Esha kaazima sufuria yangu ya harusi tangu Idi, mpaka leo anapikia uji. Kusema nimechoka. Kioo chako kinaandika?"

"Kinaandika, lakini mimi nafundisha..."

"Utafundisha baadaye. Andika!"

Kompyuta yenye kisogo kama televisheni isingekaa dirishani. Hii Hanifa aliisimamisha, ikatulia pale kama imezaliwa hapo, uso umeuelekea ua wa Bi Esha. Kiooni pakasomeka: ESHA, RUDISHA SUFURIA.

"Tia wekundu," Bi Mwanasha aliamuru. "Iwake na kuzimika, kama ya disko."

Hanifa alitii, huku akiwaomba walimu wake radhi kimoyomoyo. Wapita njia wakaanza kusoma kwa sauti.

Punde Bi Esha akaingia na sufuria kichwani, masizi na yote, akaibwaga sakafuni.

"Chukua kikopo chako!" Kisha akamgeukia Hanifa. "Nawe mwana, chuo kizima umesomea umbea?"

"Nisamehe, Bi Esha." Machozi yalimlenga.

"Sitaki radhi. Nipishe hicho kiti. M iko wapi?"

"Unaandika nini?" Bi Mwanasha aliuliza.

"Utasoma dirishani, kama wenzako."

Bi Mwanasha akaipindua sufuria yake, akaikalia. "Haya, ukimaliza zamu ni yangu."

Kesho yake Sefu alifika na saruji, akawakuta wawili hao wakigombea kibodi.

"Wanajifunza nini?"

"Kuandikiana barua, Mjomba," Hanifa alijibu, akaenda kumtafutia turubai ya kufunikia saruji.