Bei ya Daraja la Sagalla

Nilipogonga waya kwa nyundo, kutu ilimwagika viatuni mwangu kama unga wa wimbi, na daraja zima likayumba. Ukingoni Mama Tryphena alinitazama kama mwenye ng'ombe anavyomtazama mnunuzi.

Kazi yangu ilikuwa kutia bei madaraja ya miguu ya vilimani, yaingizwe kwenye orodha ya mali ya umma. Hesabu yenyewe si ngumu: gharama ya kujenga jipya, ukitoa uzee na uchakavu. Lile la Sagalla lilikuwa na miaka arobaini na miwili. Kwa haki ya Mungu, halikuwa na thamani hata ya soda.

"Wajukuu wangu wanapita hapa kila siku kwenda shule," Mama Tryphena aliniambia. "Andika vizuri, mwanangu, watutengenezee."

Nikaandika vizuri. Hilo ndilo kosa langu, na sijatulia tangu siku ile. Nilidhani kitu cha bei kubwa ndicho hutunzwa. Nani atahangaika na kitu cha sifuri? Mimi Kavetsa, niliyekulia kambi ya mkonge, nikajiona mjanja kuliko ofisi nzima. Hali: nzuri. Thamani: milioni mbili na laki tatu. Nikatia sahihi, nikateremka Voi kwa bodaboda huku nikiimba.

Miezi sita baadaye orodha ya matengenezo ikatoka. Daraja la Mwanda, ambalo nililiandikia sifuri bila huruma, lilikuwa limetengewa pesa za kujengwa upya. La Sagalla halikuwemo. Nilipouliza, karani alinifunulia faili na kunionyesha sahihi yangu.

"Si wewe uliandika ni nzuri, madam?"

Mvua za Novemba zikaanza. Nikawa mtu wa kuchungulia dirishani kila saa, nikitazama wingu lililokalia kilima. Niliunguza ugali mara mbili katika wiki moja. Mwishowe nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili, nikapanda Sagalla kwenda kusema ukweli.

Nilimkuta Mama Tryphena katikati ya daraja, akifunga ubao kwa kamba, maji mekundu yakipita chini yake. Nilimweleza yote nikiwa ukingoni, kwa kupaza sauti, maana mto ulikuwa ukinguruma. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Basi vuka," akasema. "Wazazi wenzangu wako na mkutano huko shuleni. Uwaambie mwenyewe."

Nikainua mguu. Mguu ukakataa. Nikashika waya, nikajaribu tena, jasho likinitoka na mvua yote ile. Mama Tryphena aliangalia viatu vyangu, kisha akanitazama usoni.

"Sasa andika hiyo," akasema.

Nikaketi pale pale kwenye tope, nikatoa fomu mpya mkobani. Ng'ambo, kengele ya watoto kwenda nyumbani ikalia.