Alama ya Manjano Kwenye Gauni

Mimi ni dobi, na mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima unajua. Lakini siku ile mdomo haukunisaidia kitu. Nilikuwa nimeshika gauni la harusi la wifi yangu, limelowa, na kifuani pake pana madoa mekundu kama damu. Harusi yenyewe ni kesho yake.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe wangu anasaga manjano na kuyauza kwa kupima, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea wifi, kitinda mimba wake, mpaka akawa mwalimu wa kemia. Vidole vya mama yule sijawahi kuviona vimetakata. Asubuhi ile gauni lilipotundikwa chumbani akashindwa kujizuia, akalipapasa. Macho yake siku hizi ni ya kubahatisha, kwa hiyo hakuona kwamba ameacha alama za vidole, njano tupu, kifuani na kwenye mkono mmoja.

Mimi nikaziona. Nikasema, aah, doa la manjano ndilo linishinde mimi? Nikachukua sabuni ya mche, nikasugua kifuani. Mungu wangu! Njano ikageuka nyekundu papo hapo. Nikaongeza sabuni, wekundu nao ukazidi.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Njano hakuiona, lakini wekundu ule aliuona. Akakaa chini sakafuni, akajifunika uso.

"Nimemharibia mwanangu harusi. Huu ni mkosi. Kesho siendi, nyie nendeni."

Nikambembeleza, wapi! Harusi bila mama mzazi, jamani? Hasira zikanipanda, nikalipiga teke beseni, nikaikimbilia chupa ya dawa ya kung'arisha nguo.

"Wifi, weka chini hiyo!" Ni bibi harusi mwenyewe, kaingia.

"Njoo unipige tu," nikamwambia.

Akalitazama gauni, akamtazama mama yake pale chini, na amini usiamini, akacheka.

"Mama, hiyo si damu wala si mkosi. Ni manjano yako. Sabuni ni besi, na manjano yakikutana na besi yanakuwa mekundu. Yakipata tindikali yanarudi njano. Wifi, lete ndimu."

"Ndimu? Kwani tunapika?"

"Lete ndimu! Na chupa hiyo kaifungie mbali. Ukiichanganya na ndimu inatoa hewa ya sumu, utatuzika kabla sijaolewa."

Siku zote namtania, namwita Bi Maabara, eti hata chai anapima kwa mirija. Siku hiyo sikutania, nilitoka mbio. Niliporudi na ndimu, wifi akamwinua mama yake, akampa kipande, akamshika mkono wakakamua pamoja. Tone likaangukia wekundu, na hapo hapo ukapotea, njano ikarudi.

"Sabuni na ndimu zinamalizana nguvu," wifi akasema. "Hakuna mbabe."

Mama mkwe akasogeza uso karibu kabisa na kitambaa. "Tena," akasema.

Tukakamua mpaka wekundu wote ukaisha. Nikasuuza kwa maji matupu, hadi pasibaki utelezi wa sabuni wala ukali wa ndimu. Wifi akaniambia nianike juani, maana rangi ya manjano haistahimili jua. Nikakaa hapo mchana kutwa, nafukuza kuku na watoto, huku namshukuru Mungu kwa sauti kwamba kaka mtu alinioa mimi, nikampata wifi huyu. Jioni kifua cha gauni kilikuwa cheupe pe.

Ikabaki alama moja tu, ya kidole gumba, kwenye mkono wa gauni uliokuwa umejikunja kivulini. Nikaukunjua ili jua la mwisho liupate. Wifi akanizuia.

"Hiyo niachie."

"Una wazimu? Watu si wataiona!"

"Waione. Kemia yote niliyoisoma imetoka kwenye kidole hicho."

Nikajifanya napangusa jasho.

Kesho yake mama mkwe alikuja, tena mbele kabisa, ndiye aliyemwingiza bibi harusi ukumbini. Walipofika mlangoni wifi akakichukua kidole gumba cha mama yake, akakiweka juu ya ile alama. Kikaenea barabara.