Viti vya Adalbert Vilivyozaana Mawinguni

Mama Mapalo alikuwa saluni, kichwa kimezama kwenye kikaushio cha nywele, simu yake ilipopokea ujumbe kutoka kampuni alikokodi viti vya harusi ya bintiye: "Poleni sana. Tuko pamoja nanyi katika saa hii ngumu. Viti vyenu mia nne vimehifadhiwa." Alipiga kelele hadi msusi akaangusha kitana. Binti alikuwa mzima, mkwe mtarajiwa alikuwa mzima, na katika shughuli nzima ni mbuzi wa karamu peke yake aliyekuwa na sababu ya kupewa pole. Kesho yake familia ilidai faini ya mbuzi mwingine, kwa kuwa walitabiriwa kifo bila kuomba. Laurentine, aliyesimamia harusi katika kampuni hiyo, alilipa, kisha akaanza kutafuta mtu wa kumtafuna.

Aliyekuwa karibu ni Myriam Kalaba, fundi wa kompyuta wa kampuni. Kabla ya hapo Myriam alikuwa akitoa fotokopi za kadi za watu katikati ya mji wa Lubumbashi, na hii ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake iliyomruhusu kujenga kitu kwa akili yake mwenyewe. Aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kampuni ilikuwa ya marehemu Adalbert. Alipofariki aliacha viti mia sita vya plastiki vyeupe, mahema matatu, lori moja na watoto wawili. David, mkubwa, alichukua vilio, yaani misiba. Laurentine, mdogo wake, alichukua harusi. Viti walivichukua wote wawili.

Myriam aliwapangia mambo yao kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wa mbali ambazo unazilipia kama unavyolipia umeme, tofauti ikiwa kwamba hizi huwaka. Aliandika violezo vitatu. Kiolezo ni maandishi tu: unaliandikia wingu unachotaka, nalo linakujengea. Cha kwanza kilikuwa cha msingi, na ndani yake aliweka hesabu ya viti, kalenda ya maombi na kifaa cha kutuma ujumbe. Cha pili kilikuwa cha vilio, cha tatu cha harusi. Hivi viwili havikuwa na viti vyao. Viliazima vya msingi, na harusi ikichukua mia nne, kilio kinaona vimebaki mia mbili, basi. Wateja walihudumiwa, ndugu walisalimiana. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka David alipoona kwamba "Habari za leo" si salamu ya kumpa mjane. Alijifungulia mwenyewe kiolezo cha msingi, akaibadilisha salamu, na wingu, kwa utiifu wake wote, likaanza kumpa pole kila aliyefunga ndoa.

"Myriam, sikia bien," alisema Laurentine. "Sitaki tena kintu yangu iguse ya David. Harusi kwake, kilio kwake. Séparation de corps, kama bibi na bwana banaachana."

"Mama Laurentine, ni message tu njo iko na shida. Nitaitosha mu msingi, niifute, kila muntu abakie na yake. Biti biachwe pamoja."

"Nimesema bintu yote. Na hii harusi ya Mama Mapalo, kule ku hoteli ya Karavia, nilisha kulipa mbuzi juu yake. Ikiharibika, nauzisha sehemu yangu, kampuni ya tata inakufa, na weye unarudia ku fotokopi."

Myriam alikwenda kwa David, akitumaini kwamba mtu mzima atapatikana angalau upande mmoja. David alikuwa akila soseji.

"Anataka kuachana? Umupatie," alisema. "Kwani miye nitalia? Niko nalia kila wiki, ni kazi yangu."

"Na biti, Papa David? Tugawanye aje?"

Hapo David aliacha kutafuna. Mali ya marehemu haigawanywi na fundi wa kompyuta. Hugawanywa na mjomba, mbele ya ukoo, na mjomba alikuwa mbali, kule Mitwaba, akisubiri barabara ikauke. Alikuwa akiisubiri tangu masika ya mwaka juzi, na kila ilipokauka aligundua kwamba anaumwa mgongo. Mpaka aje, mtu akikubali nusu amejipunja mwenyewe mbele ya mashahidi.

"Kwa sasa uandike biti yote kwangu," alisema David.

Laurentine, alipoulizwa, alisema vilevile, isipokuwa kwa sauti kubwa zaidi.

Basi Myriam aliketi akatii. Alipojaribu kuufuta msingi wa pamoja, wingu lilikataa: haufutiki, unatumiwa na kiolezo cha harusi. Wingu lilikuwa na adabu kuliko mabosi wake. Akaunakili msingi wote, hesabu na kalenda, akakielekeza kiolezo cha harusi kwenye nakala, akaviachia vilio ule wa kwanza. Sasa kila mmoja alikuwa na msingi wake, salamu zake, na viti mia sita. Depoti, yaani ghala lao, ilikuwa na viti vilevile mia sita, wingu lilikuwa na elfu moja na mia mbili. Myriam alilijua hilo vizuri sana. Alilitazama, akacheka peke yake, akafunga kompyuta bila kumwambia mtu, kwa sababu alikuwa amewachoka. Alijiambia kwamba harusi kubwa na kilio kikubwa haviwezi kuangukia siku moja, kana kwamba watu hufa kwa kuangalia kalenda ya sherehe.

Mzee Ruben, dereva mstaafu wa treni, hakuiangalia. Alifariki mtaani Katuba siku chache kabla ya harusi ya Karavia. David aliulizia viti mia tatu na hamsini, wingu lilimwambia viko mia sita, chukua. Lori likaondoka.

Jumamosi asubuhi Laurentine alifika depoti na lori la kukodi, amevaa leisi ya rangi ya dhahabu na kilemba kilichomlazimu kuingia mlangoni kwa ubavu. Ndani alikuta viti mia mbili na hamsini na mjusi. Alimwita Myriam, Myriam akaja mbio.

"Telefone inasema mia sita," alisema Laurentine. "Biko wapi?"

"Ku kilio, Katuba."

Laurentine alimwamuru dereva wa lori la kukodi awashe. Alipanda mbele ya lori, Myriam akapanda kando yake, na njiani Myriam alishindwa kuvumilia. Alisema aliandika mia sita mara mbili. Alisema alijua. Alijitayarisha kutukanwa, lakini Laurentine alimwambia tu dereva aongeze mwendo, jambo lililomwogopesha zaidi, maana Laurentine asiyetukana hakuna aliyewahi kumwona. Myriam alianza kuzikumbuka mashine za fotokopi, joto lake na harufu yake.

Mpango wa Laurentine ulikuwa mfupi: kuingia, kumshika David shati, kutoka na viti. Alisahau kwamba kwenye kilio mtu haingii na shida zake. Alipotokea tu penye hema, wanawake walimwona mtu aliyevaa vizuri, mwenye macho mekundu, anayetembea kwa kasi, wakaelewa walichoelewa. Walimpokea kwa kilio. Mmoja alimshika mkono huu, mwingine mkono ule, wakamketisha kwenye kiti cha plastiki cheupe, na wote wakangoja alie kama inavyotakiwa. Kufungua mdomo wakati huo na kudai viti ni kuitafutia familia yako jina baya la kudumu.

Laurentine akaanza kulia kwa adabu tu, kidogo, ili wamwachie. Halafu kitu kilikatika ndani yake. Katika kilio cha baba yao, yeye na David walikaa kwenye viti hivihivi, bega kwa bega, siku zote hadi mazishi, na David ndiye aliyekuwa akimlazimisha kunywa uji.

"Tata ee," alilia, kwa sauti ile ya kuimba wanayolia nayo wanawake, "uliacha batoto babili. Uliacha na biti. Leo batoto banaachana juu ya biti. Tata, utoke kule utupige."

Wanawake waliitikia vizuri sana, ingawa hakuna aliyejua mzee Ruben alihusika vipi na viti. David, aliyekuwa nyuma akifunga kamba ya hema, alisikia. Alikuja akachuchumaa mbele ya dada yake. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuwa kazini.

"Ilikuwa biti ngapi ku Karavia?"

"Ilikuwa mia ine, yaya, mukubwa wangu, lakini bageni baliongezeka, sasa ni mia sita. Depoti iko paka mia mbili na makumi tano tu."

David alitazama saa. "Saa sita bantu bote banaenda ku makaburi. Banarudia magaribi, na saa ile ba harusi banacheza, tunabirudisha. Mujane na bamama beko chini ku matela, habahitaji kiti. Utumie biti yote ya depoti ku Karavia sasa, na sie tutafuata na ingine."

Ndivyo ilivyofanyika. Msafara wa mazishi ulipoondoka, walianza kupakia, na kila kitu kilikwenda haraka hadi walipomfikia mzee Mutale. Huyu alichochea moto wa treni pamoja na Ruben miaka mingi, magoti yake hayakufaa tena kwa makaburi, na alikataa katakata kusimama. Alisema aliketi kwa heshima ya rafiki yake na ataketi hadi wenzake warudi. Walimsihi, wakamwahidi kiti kingine, akashika mikono ya kiti. Mwishoni walimbeba alivyo, wakampandisha lorini, naye akafika Karavia akiwa amekaa wima juu ya mzigo, kofia mkononi.

Wageni walikuwa wamesimama kwenye nyasi. Mama Mapalo alitazama viti vikishuka, akamtazama David mwenye shati jeusi, akamtazama mzee.

"Na huyu ni nani?"

"Ni wa upande ya bwana," alisema Laurentine bila kupepesa. Mzee Mutale alipewa bia na kuku, akahuzunika kwa utulivu hadi saa kumi, kisha akacheza rumba kwa mabega.

Viti vilipokwisha kupangwa, Laurentine alimgeukia Myriam. Myriam alisimama wima kama mtu anayesubiri hukumu.

"Ile mawingu yako. Ufute msingi yangu. Turudie ku ya David."

"Hapana," alisema David. "Yeye ni mudogo, abakie na yake. Ufute ya kwangu."

"Miye njo niliomba kuachana. Ni yangu inaenda."

"Miye ni mukubwa. Mukubwa njo anaachia."

"Kila siku weye tu mukubwa, hata ku kupoteza unataka kuwa wa kwanza."

Walikuwa wameanza tena. Bendi ilikuwa ikipiga, bibi harusi alikuwa akiingia, na wale wawili walibishana nyuma ya hema nani mwenye haki ya kujinyima. Myriam aliwatazama, akaona kwamba ameshasahauliwa, na mtu aliyesahauliwa hafukuzwi kazi. Moyo wake ulishuka mahali pake. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akafungua kompyuta juu ya magoti. Alihamisha maombi ya upande mmoja kwenye kalenda ya upande wa pili, akakiondoa kiolezo kimoja kwenye msingi wake na kukiunga kwenye wa mwenzake. Salamu aliziacha kila moja kwake. Kisha akaufuta msingi uliobaki bila mtu, na safari hii wingu halikubisha. Viti vilirudi mia sita.

Hakumngoja mjomba wa Mitwaba, wala hakuwaambia ameufuta upi. Mpaka leo David anaamini ni wake uliofutwa, Laurentine anaamini ni wake, na kila mmoja humhurumia mwenzake kimyakimya kwa kutojua alivyosaidiwa.