Hatumii Dawa

Daktari Aliko aliniuliza mbele ya wodi nzima: "Mama, mgonjwa anatumia dawa?"

Nikamjibu palepale, kwa sauti ya kufika kitanda cha mwisho. "Mwanangu Recho hatumii dawa! Ameolewa kanisani, ana mume mmoja, Mlowo nzima inajua."

Huku kwetu ukisema mtu anatumia dawa, hakuna anayefikiria vidonge vya kichwa. Kila mtu anajua ni dawa zipi, na anazipata wapi, na nani kamwambukiza. Daktari akaandika kwamba hatumii. Recho hakuwa na pumzi ya kunisahihisha.

Kikohozi kilimwanza wakati wa kuchuma kahawa. Yakafuata maumivu ya magoti na vidole, kisha vipele vyekundu mashavuni, mawifi zake wakasema amenunua mkorogo wa kujichubua Tunduma. Hospitali walimpima kifua kikuu mara mbili, hana. Wakamtoboa ubavuni, wakatoa maji yaliyoyabana mapafu. Baada ya siku nne yakajaa tena. Akawa analala ameketi. Niliogopa, sifichi. Niliogopa mpaka nikagombana na manesi wawili na mfagizi.

Wiki ya tatu daktari alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, tuache habari ya dawa. Kuna kidonge chochote anachomeza nyumbani?"

"Vya kifafa tu. Mwaka wa pili huu. Tangu aanze hajaanguka hata mara moja."

Akaandika kwenye faili lake. Kisha akanieleza taratibu kwamba vidonge vile, kwa watu wachache, huivuruga kinga ya mwili, ikaanza kuushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, hata mapafu. Angempa vya aina nyingine siku hiyohiyo, maana kifafa nacho hakiachwi bila dawa. Wengi wakibadilishiwa hupata nafuu, alisema.

"Ila kitu kimoja sikielewi," akaongeza. "Amekaa hapa wiki tatu bila vidonge hivyo. Angekuwa ameshaanza kupata nafuu."

Recho alifumba macho. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa ameniona.

"Hajakaa bila," nikasema. "Nilikuwa namziba kwa khanga, manesi wasione, nampa asubuhi na jioni. Sijaruka hata siku moja."