Ndege ya Mama Yona

Ndege ile ya rimoti, ile jeti, haikuwa ya Erasto. Hili lieleweke mapema, kwa sababu watu wote wa Ilagala, kijiji cha kando ya ziwa, walilikosea, na Erasto mwenyewe akawaacha walikosee. Ilikuwa ya mkewe, Winfrida, mwalimu wa fizikia, mwanamke mpole ambaye hapendi maneno mengi, lakini akisema moja limekwisha. Aliinunua kwa hela yake. Ikaja na treni kutoka Dar ndani ya boksi, vipande vipande, naye akaiunganisha juu ya meza ya chakula, wakawa wanakula ugali wao kwenye stuli kama wapangaji wapya.

Erasto ni fundi umeme wa karakana ya reli, na ndiye aliyeuleta huo wazimu wa kurusha ndege nyumbani. Kijana wao Yona alipokwenda Dodoma kuanza kazi, nyumba yao ya mtaa wa Mwanga ikawa kimya mpaka unasikia friji ikinguruma. Ndipo Erasto akanunua ndege yao ya kwanza, ya kujifunzia, kutoka kwa fundi mwenzake wa Tabora. Ndege ya sponji ngumu, pangaboi moja puani, mabawa marefu yamekaa juu ya mgongo, inaongozwa kwa rimoti yenye vijiti viwili. Akajifunza kuirusha, kisha akamfundisha mkewe. Tumpe haki yake: alimfundisha kwa moyo mkunjufu, na zile Jumapili za mwanzo walicheka kama wachumba.

Baada ya ibada walikuwa wakipanda gari la Ilagala, maana mjini uwanja wa ndege uko karibu, ukirusha kitu hakuna wa kukuelewa. Kule kuna mchanga mkavu, mpana, jirani na wanawake wanaoanika dagaa. Rimoti ilikuwa moja tu, kwa hiyo walikubaliana hivi: Winfrida anashika, Erasto anasimama nyuma ya bega lake. Mambo yakiharibika Erasto anapaza sauti, "Achia!" Winfrida anainua vidole kutoka kwenye vijiti, na Erasto anaichukua rimoti. Kwa ndege ya kujifunzia huo ni utaratibu mzuri kabisa. Ile ndege ina tabia njema kuliko watu wengi ninaowajua. Ukiiachia inajinyoosha yenyewe, inaelea huko juu, inakusubiri.

Shida ni kwamba Erasto alilipenda lile neno. Mwanzoni alilisema pale ndege ilipokuwa inakwenda kuvunjika kweli. Baadaye akawa analisema ikiyumba tu. Mwishowe hata ikikata kona kwa namna ambayo yeye asingeikata, "Achia!" Na Winfrida anaachia. Ukaingia mwaka wa pili, mwanamke anajua kuruka, anajua kugeuka upepo wa ziwa ukiwa kinyume, lakini kutua mwenyewe hajawahi hata siku moja. Ndege ikishakaribia chini, mwenye neno keshalisema.

"Baba Yona, leo niache nitue," alimwambia Jumapili moja.

"Bado, Mama Yona. Kutua ndiyo kazi yenyewe."

"Sasa nitaijuaje kazi bila kuifanya?"

"Utaijua tu. Taratibu."

Taratibu gani hiyo isiyofika, jamani! Mtu anafundisha wanafunzi mia kwa nini kitu kinapaa na kwa nini kinaanguka, halafu nyumbani anaambiwa bado. Winfrida hakubishana. Aliagiza jeti.

Na jeti yenyewe haikuwa mchezo. Mfano halisi wa ndege ya kivita, kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo kimoja: magurudumu yanayojikunja tumboni, taa kwenye ncha za mabawa, hata vichwa vya ribiti, misumari ya kuungia mabati, vimechorwa. Ndani ya kioo cha mbele kulikuwa na kidoli cha rubani, na Winfrida akakichorea kilemba cha zambarau. Haikuwa na pangaboi puani. Feni yake imefichwa ndani ya bomba, ukiiwasha inalia kwa sauti nyembamba mpaka mbwa wa jirani wanajibu.

Alimweleza mumewe vizuri, kwa subira ileile anayoitumia darasani. "Hii si kama ile. Mabawa yake mafupi. Ikikosa mwendo inadondosha pua. Na ukiisukumia gesi kuongeza mwendo, feni haivuti palepale, inachukua muda kukusanya nguvu. Wakati huo inabidi ushikilie tu, uvute pua kidogo kidogo, usiwe na pupa. Ukiiachia haijinyooshi. Inakwenda chini moja kwa moja."

"Naam," alisema Erasto. Masikio yalisikia. Akili ilikuwa inawaza nani ataishika kwanza.

"Nitairusha mimi," Winfrida akasema, kana kwamba kaulizwa. "Tangu mwanzo mpaka itue. Wewe utasimama tu."

"Haya."

"Umeahidi, Baba Yona?"

"Nimeahidi bwana, ah! Mbona unanikazania hivyo?"

Siku yenyewe ziwa lilikuwa limetulia na milima ya Kongo inaonekana vizuri ng'ambo. Mwanvua, mama wa dagaa ambaye alikuwa anawafahamu tangu siku za mwanzo, aliacha kugeuza samaki wake, akatoa simu kurekodi, akawaita wenzake. "Yemwe! Njooni muone, leo wameleta ya vita!" Watu wakaja, wavuvi, wapishi, wenye pikipiki. Winfrida akaiweka jeti kwenye mchanga ulioshindiliwa, akarudi nyuma, akavuta pumzi, akasukuma gesi.

Ikakimbia, ikainuka. Magurudumu yakajikunja tumboni, watu wakapiga vigelegele.

Sasa hapa nataka nikuambie alichokuwa nacho Erasto moyoni, maana hakumwambia mtu. Mkewe aliikatisha ile ndege kona juu ya maji, kona ndefu, laini, bawa moja linaangalia ziwa na lingine linaangalia mbingu, na Erasto akajua palepale kwamba yeye hawezi. Hata akipewa mwaka mzima, hawezi. Badala ya kufurahi, alijiona kama mgeni aliyekuja kushangaa pamoja na wenye pikipiki. Alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya bega la mkewe, na hakuna aliyemhitaji.

Kona ya tatu Winfrida aliivuta polepole mno. Jeti ikakosa mwendo, pua ikaanguka. Watu wakaguta. Na ndani ya Erasto, kabla hata ya hofu, kitu kikasema: ona sasa! Kilikuwa kitu kidogo, cha aibu, chenye furaha.

Winfrida hakutikisika. Alisukuma gesi, akashikilia, akaanza kuinyanyua pua kidogo kidogo, midomo yake imebana kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Achia!" Erasto akapiga kelele.

Na Winfrida akaachia. Hakufikiri, vidole viliinuka vyenyewe, kama vilivyokuwa vinainuka kila Jumapili. Erasto aliunyoosha mkono kuipokea rimoti, na kabla mkono haujafika jeti ilikwishachimba mchanga, pua kwanza, hatua chache kutoka kwenye dagaa wa watu. Bawa moja liliruka mpaka kwenye maji.

Kisha zikaanza pole.

"Pole sana, mzee," mvuvi mmoja akamshika Erasto mkono.

"Asante. Nimeshapoa."

"Pole, fundi. Mali imekwenda hiyo."

"Asante, ndugu yangu. Ndiyo mambo ya dunia."

Wakapanga foleni kama msibani, wote kwa Erasto, maana nani angedhani ni ya mwanamke? Naye akazipokea zote, moja baada ya nyingine, kichwa ameinamisha, mfiwa kamili. Winfrida alikuwa amepiga magoti anaokota vipande. Mzee mmoja alipopita karibu naye alimwambia, "Na wewe mama, pole. Mumeo kapata hasara."

"Asante," alisema Winfrida.

Erasto alisikia. Lilikuwa jambo la kusema maneno mawili tu: ni yake. Hayakumtoka.

Ndani ya gari, na siku zilizofuata pia, maneno mengine yalimtoka mengi. Kwamba ile ndege ilikuwa inakwenda tu, mtu yeyote aliyekuwapo aliiona. Kwamba alichelewa kidogo kusema, angesema mapema ingepona. Kwamba ndiyo maana alikuwa anasema bado. Winfrida alikuwa akisikiliza, anaosha vyombo, anaitikia "Sawa." Hakununa wala hakulia. Erasto akaona basi, limekwisha.

Lilimrudia sokoni Mwanga. Alikwenda kununua dagaa, akamkuta Mwanvua nyuma ya mafungu yake.

"Fundi! Shida yako umeivunja ndege halafu ukatukimbia." Akacheka, akafuta mkono kwenye kanga, akafungua video ya siku ile kwenye simu. "Hebu jione unavyobweka."

Erasto akainama kuangalia. Jeti ilikuwa ndogo kwenye kioo, ya kijivu, lakini inaonekana. Pua ikaanguka. Ikashuka, ikashuka. Halafu ile sauti nyembamba ya feni ikapanda, na pua ikaanza kuinuka. Kweli ilikuwa inainuka. Ilikuwa karibu kulala sawa na ardhi, na chini yake bado kuna nafasi ya kutosha, ndipo sauti yake mwenyewe ikapasua simu: "Achia!" Pua ikazama tena.

"Rudisha," alisema.

Mwanvua akarudisha. Akaomba arudishe tena, na tena, mpaka wateja wakaanza kunung'unika.

"Mama Yona nilimtumia siku ileile," Mwanvua akasema, sasa hacheki. "Kwani hajakuonyesha?"

Alitembea mpaka nyumbani bila dagaa. Winfrida alikuwa sebuleni anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Erasto akabaki mlangoni, kofia mkononi.

"Nimeiona," akasema. "Kwa Mwanvua."

"Eeh."

"Ilikuwa inainuka."

"Ilikuwa inainuka, ndiyo."

"Sasa mbona hukuniambia, Mama Yona? Umeniacha nabwabwaja humu ndani siku zote hizi!"

"Ningekuambia ungesema najitetea." Alisema bila hasira, na Erasto akajua ni kweli, na maneno ambayo angeyatumia anayajua. Winfrida akafunga daftari. "Hata hivyo ndege si neno. Wewe ulipiga kelele, lakini aliyeachia ni mimi, na mwendo nilioukosa niliukosa mimi. Zile pole ndizo zimenikaa. Watu wanakupa pole ya kitu changu, unapokea, na mimi nipo pale chini nimeshika bawa."

Erasto akakaa kwenye kiti cha karibu. Alitaka kusema habari ya ile sauti iliyosema ona sasa, akaona haya, akasema nusu. "Haikuwa hofu peke yake. Ulikuwa unarusha vizuri kunizidi. Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe."

Ilitoka haraka, na ilikuwa ya kweli. Wameishi pamoja miaka, anaijua sauti yake. Mzigo ukamtoka mabegani mara moja, na kama kawaida yake akakimbilia mbele. "Basi tutanunua nyingine! Safari hii nitasimama kimya, nitajiziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, utaona."

Winfrida alimtazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Erasto.

"Nitanunua, nikijaliwa. Ila usije."

"Nisije wapi?"

"Ilagala. Usije." Akaangalia mikono yake mwenyewe juu ya madaftari. "Juzi nilikuwa nakata vitunguu, wewe ukapaza sauti huko uani unamwita jirani. Kisu kikanitoka mkononi. Nikakiokota, nikacheka peke yangu, halafu sikucheka tena. Baba Yona, mimi nimeshakusamehe, lakini vidole vyangu vinakusikiliza wewe kuliko mimi. Sijui nitavitoaje hiyo tabia ukiwa nyuma yangu."



Jumapili iliyofuata Erasto alimbebea mkewe ndege ya kujifunzia mpaka kwenye gari la Ilagala. Alikuwa na la kusema kuhusu upepo, akalimeza. Akamtakia safari njema, akarudi nyumbani, akafagia ua ambao ulikuwa umefagiwa.

Winfrida alirudi jua likiwa linazama, mchanga kwenye sketi, harufu ya dagaa mwili mzima, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Erasto hakuwa amekiona tangu Yona alipozaliwa.

"Nimetua," alisema.

"Kweli? Umetua mwenyewe? Ulitua vipi, ulikuja na upepo au ulizunguka?"

"Vizuri tu," alisema Winfrida, akachukua taulo akaenda kuoga. Kule bafuni akaanza kuimba.

Erasto akabaki sebuleni na maswali yake. Miaka yote ile alikuwa anamfundisha kwa ajili ya dakika ile moja, na ilipofika, walioiona ni Mwanvua na wanawake wa dagaa.